Majaji Wastaafu na Kesi za Madai na za Familia: Nani Afaa Kuketi Kitini?

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa elimu ya uraia na wakili aliyefanya kazi mahakamani kwa miaka mingi. Tunaichapisha kama ilivyotolewa.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka hudhaniwa kuwa ni la mawakili na majaji peke yao: je, jaji aliyekwisha kustaafu anafaa kuitwa tena kusikiliza kesi za madai na kesi za familia? Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nami sikuja hapa kuwavunjia wazee heshima. Nimekuja kuonyesha kwamba methali hiyo inasema habari za hekima, haisemi habari za mamlaka. Na kwamba nchi yetu iliwahi kuwaacha waamuzi wake wategemee hisani ya mtu mmoja, nayo ikalipa kwa machozi.

Niruhusuni nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilimwakilisha mama mmoja mjane katika kesi ya mirathi. Mumewe alikuwa ameacha shamba, nyumba mbili za kupangisha na watoto watatu, kitinda mimba wao akiwa darasa la pili. Ndugu wa marehemu walidai kwamba shamba ni mali ya ukoo. Mashahidi wakasikilizwa, hati zikatolewa, mwaka ukazaa mwaka, na jaji aliyeyasikia yote hayo kwa masikio yake akafikia umri wa kustaafu kabla ya kuandika hukumu. Faili likarudi masijala, nasi tukarudi kwenye foleni.

Hapo ndipo upande wa pili walipoleta pendekezo. Walimjua jaji mstaafu mmoja, mtu wa sifa njema, ambaye angeketi nasi katika ofisi ya faragha, awasikilize wote na kukata shauri kwa muda wa mwezi mmoja. Ada yake yote wangeilipa wao, mashemeji. Nakiri mbele yenu kwamba mimi niliyesoma sheria niliona ni nafuu. Yule mama, ambaye hakupita darasa la saba, alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Wakili, huyo mzee akiwa amewekwa na wao na analipwa na wao, siku atakaponikosea nitakwenda kumshtaki kwa nani?" Sikuwa na jibu. Pendekezo tukalikataa. Swali lake nimelibeba mpaka leo, na hotuba hii yote ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na sheria ilivyo. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika kifungu cha 167, inasema kwamba jaji atastaafu atimizapo miaka 70, naye akipenda aweza kustaafu wakati wowote baada ya kutimiza 65. Chini ya sheria ya zamani kikomo kilikuwa miaka 74. Baadhi ya majaji walioapishwa kabla ya Katiba mpya walidai kwamba haki yao ya miaka 74 haikufutwa. Mashauri ya Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na ya Jaji Philip Tunoi yakapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, nayo mwaka 2016 ikaamua kwamba kikomo ni 70 kwa wote. Jaji Mkuu David Maraga alipotimiza umri huo Januari 2021 alifunga vitabu vyake akaenda nyumbani.

Tena Katiba hiyo haikuacha mlango wa nyuma. Haina kipengele kinachompa Rais, wala Jaji Mkuu, wala Bunge, uwezo wa kumrudisha kitini mtu aliyekwisha kutimiza miaka 70, eti kwa mkataba wa miezi sita au wa mwaka mmoja. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa kwa pendekezo la Tume ya Huduma za Mahakama. Mshahara wake hauwezi kupunguzwa. Na hawezi kuondolewa ila kwa njia ndefu ya malalamiko mbele ya Tume na kisha mbele ya jopo la uchunguzi. Hata kazi aliyoiacha nusu imewekewa utaratibu: Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 zinamruhusu jaji anayeshika nafasi kuendelea na ushahidi uliokwisha kuchukuliwa, na kusoma hukumu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenzake aliyemtangulia. Kwa hiyo mstaafu harudi. Faili ndilo linaloendelea.

Mtu atauliza: kwa nini ukali wote huo? Mtu aliyekula chumvi nyingi, aliyesoma na kuandika sheria kwa miaka arobaini, je, ubongo wake huzima usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa? La, hauzimi. Lakini Katiba haikutungwa kwa kupima ubongo wa mtu mmoja mmoja. Ilitungwa na watu waliokumbuka.

Vijana mlio hapa huenda hamkuziona siku zile. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 Bunge likaondoa kinga ya kudumu kazini ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na mwaka 1988 likaiondoa ya majaji. Tangu hapo jaji aliweza kuachishwa kazi kwa amri ya mtu mmoja. Zaidi ya hayo, baadhi ya majaji wa enzi hiyo walikuwa wageni wa mikataba, na mkataba, ndugu zangu, una tarehe ya mwisho. Jaji Derek Schofield, mwaka 1987, aliwaamuru polisi wautoe mwili wa Stephen Mbaraka Karanja, raia aliyefia mikononi mwao. Aliondolewa katika shauri hilo, akaambiwa ahamie kituo kingine, naye akaona heri ajiuzulu. Wenzake waliobaki walikuwa na macho, waliona.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo refu lisisimamishwe katika Uhuru Park. Lile lilikuwa shauri la madai, si la jinai. Likatupwa, kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Nalitaja ili tusidanganywe na wale wasemao kwamba kesi za madai ni ugomvi wa watu wawili tu, hazihitaji jaji mwenye kinga. Bustani ya umma, ardhi, kandarasi ya serikali, fidia ya mwananchi aliyepigwa na askari: yote hayo huja mahakamani yakiwa kesi za madai.

Kinga ya majaji ilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Hatukuvipata kwa zawadi. Watu walifungwa, wengine wakakimbilia ughaibuni, wengine wakazikwa. Kwa hiyo leo anapotokea mwenye nia njema akasema, "Kesi zimelimbikizana, tuwaite wastaafu kwa mikataba mifupi wasaidie kuzipunguza," mimi husikia mlango wa mwaka 1988 ukilia katika bawaba zake. Mkono mtupu haulambwi. Jaji anayengoja mkataba wake uongezwe Desemba, ataiandikaje Novemba hukumu ya kuichukiza serikali?

Tutazame kwa jirani. Nchini Uganda, Jaji Mkuu Benjamin Odoki alistaafu mwaka 2013 alipotimiza miaka 70, naye Rais Yoweri Museveni akataka kumrudisha katika cheo hicho hicho. Mbunge Gerald Karuhanga alikwenda mahakamani kupinga, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba aliyestaafu Ujaji Mkuu hawezi kuteuliwa tena kuwa Jaji Mkuu. Hakuna aliyesema kwamba Odoki hakuijua sheria. Kilichobishaniwa kilikuwa ni nani mwenye haki ya kumrudisha, na kwa faida ya nani.

Wako wanaotaja India, na ni haki waitaje. Katiba ya nchi hiyo, katika kifungu cha 224A, inaruhusu jaji mstaafu aombwe kuketi tena katika Mahakama Kuu kwa idhini ya Rais. Lakini tulinganishe vizuri. Huko jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 62, umri ambao kwetu bado angekuwa na miaka minane kitini. Na pamoja na ruhusa hiyo, njia hiyo imetumika kwa nadra. Mahakama ya Juu ya India iliiwekea masharti mwaka 2021, na ilipoyalegeza Januari 2025 iliwaelekeza wastaafu kwenye rufaa za jinai zilizolimbikizana, tena waketi pamoja na jaji aliye kazini. Haikuwafungulia mashauri ya ndoa na watoto.

Basi, je, mstaafu hana kazi? Anayo, na tena ya heshima. Baada ya uchaguzi wa 2007 uliotuletea maafa, aliyeongoza tume ya kuuchunguza uchaguzi ule mwaka 2008 alikuwa Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini. Majaji na mahakimu wetu walipochujwa baada ya Katiba mpya, Albie Sachs, mstaafu mwingine wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa bodi ya kuwachuja. Hawa hawakuwa wakitafuta kuongezewa mkataba na mtu yeyote. Walifanya kazi iliyokuwa na mwisho, wakaondoka.

Katika kesi za madai pia upo uwanja mpana. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 inawaruhusu watu wenye mgogoro kumchagua msuluhishi wampendaye, asikilize na kutoa tuzo linalowafunga. Wafanyabiashara wawili wenye mgogoro wa shehena, au kampuni na mjenzi wake, wakimchagua jaji mstaafu kwa hiari na kuchangia ada yake, sioni dhara. Tena sheria inamtaka msuluhishi aeleze mapema jambo lolote linaloweza kutia shaka juu ya kutopendelea kwake, na Mahakama Kuu yaweza kulitengua tuzo lililotokana na hongo, udanganyifu au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Hapo mamlaka yake hayatoki Ikulu. Yanatoka katika makubaliano ya watu wawili walio sawa.

Neno ni hilo: walio sawa. Na hapo ndipo kesi za familia zinapojitenga na kesi za biashara. Katika nyumba, mara nyingi aliye na hati ya shamba si yule aliyelilima. Mke anayedai talaka hajui daima fedha ziko benki gani. Mjane huketi upande mmoja wa meza, na upande wa pili umeketi ukoo mzima. Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Nao wengi hupisha kwa kutia sahihi, kisha sahihi hiyo ikaitwa hiari. Na yupo mwingine ambaye haketi mezani kabisa, naye ni mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Mtoto hakumchagua msuluhishi, hakuchangia ada, wala hawezi kukata rufaa. Nani atamsemea katika ofisi ya faragha?

Zaidi ya hayo, kesi za familia hazihusu familia moja tu. Wenye umri wangu wanaikumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987, kwa kuwa mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walishindana mpaka Mahakama ya Rufaa juu ya nani mwenye haki ya kumzika na wapi. Mjane alishindwa. Lakini shauri lile lilisikilizwa hadharani, hukumu ikasomwa hadharani, na nchi nzima ikajadili nafasi ya mke mbele ya mila na sheria. Mjadala wa namna hiyo haukufa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, imesema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuachana. Kama shauri lile lingalikatwa na mzee mmoja chumbani, nani angalijua kilichoamuliwa, na nani angalithubutu kukipinga?

Sisemi kwamba kila ugomvi wa nyumbani ufikishwe mbele ya jaji na mawakili wapaze sauti. Wakristo wana viongozi wao wa kupatanisha, wenye mila wana wazee wao, na Waislamu wana mahakama za Kadhi, ambazo kwa kifungu cha 170 husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale pande zote zilipo za Uislamu na zimekubali kufika mbele yake. Tangu mwaka 2016 Mahakama Kuu, ikianzia Milimani katika kitengo cha familia na kile cha biashara, imekuwa ikiwapeleka wenye kesi kwa wapatanishi walioidhinishwa. Hapa jaji mstaafu anafaa sana, kwani mpatanishi hakati shauri. Huwasikiliza watu, huwaonyesha njia, na wakielewana, makubaliano yao hurudi mahakamani yatiwe nguvu. Hekima ya mzee inatumika, na mamlaka yanabaki kwa jaji mwenye kiapo na kinga.

Kwa hiyo nawaachia maswali matatu, myashike kama mtu ashikavyo ufunguo wa nyumba yake. Kila anapoletwa mtu wa kuwahukumu, mwulize: nani amemweka? Nani anamlipa? Nani aweza kumtoa? Jaji wa Katiba anayajibu yote matatu. Msuluhishi aliyechaguliwa na watu walio sawa anayajibu pia. Mstaafu wa mkataba hayajibu, hata akiwa malaika.

Nanyi mkiniuliza tufanye nini na mlima wa kesi, nitajibu kwa methali: dawa ya deni ni kulipa. Nchi yenye upungufu wa majaji iteue majaji. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41. Rais Uhuru Kenyatta akayaweka kando. Mmoja wa waliopendekezwa akafariki akingoja. Juni 2021 wakateuliwa 34, na sita wakaachwa nje mpaka Rais William Ruto alipowateua Septemba 2022. Kwa miaka hiyo yote viti vilikuwa vitupu, na wajane walikuwa kwenye foleni. Foleni ile haikuletwa na uhaba wa wazee wenye hekima. Iliundwa na kalamu iliyokataa kutia sahihi.

Basi madai yetu yawe haya. Kwanza, majina yanayopendekezwa na Tume yateuliwe bila kuchaguliwa wa kupendwa na wa kuchukiwa. Pili, jaji anayekaribia miaka 70 asipangiwe kesi mpya katika mwaka wake wa mwisho, bali apewe nafasi ya kuandika hukumu za mashauri aliyokwisha kuyasikiliza. Tatu, wastaafu walio tayari waandikishwe kuwa wapatanishi, na ada katika kesi za familia ilipwe kupitia mahakama, isipite mkononi mwa upande wenye fedha. Nne, makubaliano yoyote yanayogusa mtoto yasomwe na jaji neno kwa neno kabla ya kutiwa muhuri.

Naomba nimalize kwa kuwarudisha kwa yule mama. Kesi yake hatimaye ilipelekwa kwa mpatanishi wa mahakama, na baada ya vikao kadhaa yeye na mashemeji zake walielewana. Makubaliano yakaletwa mbele ya jaji mpya, mwanamke kijana kuliko mimi. Aliyasoma kimya, kisha akauliza fungu la yule mtoto mdogo liko wapi. Tukatafuta. Lilikuwa limeandikwa kwa jina la baba yake mdogo, "kwa ajili ya kumtunzia." Si mpatanishi, si wakili wa upande wa pili, wala si mimi, aliyekuwa ameliona kuwa ni tatizo. Jaji akakataa kutia sahihi mpaka fungu lile liandikwe kuwa amana ya mtoto mwenyewe, mama yake akiwa mdhamini mmojawapo.

Jaji yule hakuwa na mvi hata moja. Lakini hakulipwa na mashemeji, hakungoja mkataba, na hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kumwondoa. Ndiyo maana aliweza kuuliza.